Cheche za Nguo na Zulia: Tusiogope Kisichodhuru, Tusipuuze Kinachoua

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo, juma hili tumeonelea tuzungumze na familia zetu juu ya jambo ambalo kwa sura ni dogo, lakini limezua maswali mengi na hofu nyingi majumbani. Nalo ni zile cheche zinazoruka kutoka kwenye nguo, shuka, zulia na kitasa cha mlango, zikamshtua mtu asijue zimetoka wapi.

Maswali haya hutufikia zaidi kutoka kwa akina mama wenye mabinti wanaofanya kazi Saudia, Qatar na nchi nyingine za Ghuba, na kutoka kwa ndugu zetu waliorejea kutoka Hija na Umra. Binti humpigia mamake simu akaeleza kwamba shuka humwalikia gizani, kwamba buibui humganda miguuni, na kwamba kila agusapo mlango wa chuma hupigwa kama kwa sindano. Mama huku nyumbani, Likoni au Malindi, hajaliona jambo hilo maishani mwake. Hapo ndipo dhana huanza: mwanangu amefanyiwa kitu, au nyumba ile ina mashetani. Baada ya dhana hufuata mganga, na baada ya mganga hufuata deni.

Sisi Waislamu tunaamini kuwepo kwa majini, na hilo halina mjadala. Walakini kuamini kuwepo kwao hakutupi ruhusa ya kuwabebesha kila tusichokielewa. Wanazuoni wa fiqhi wametufunza kuwa yakini haiondoshwi na shaka. Na katika jambo hili, alhamdulillahi, yakini ipo, kwa kuwa sababu yake imejulikana kwa muda mrefu na kila mtoto wa sekondari huisoma katika somo la fizikia.

Kaharabu na majani makavu

Walio na tasbihi za kaharabu ya asili wanaweza kulijaribu jambo hili wenyewe. Kaharabu ikisuguliwa kwa kitambaa cha sufu kisha ikasogezwa karibu na vipande vya majani makavu, huvivuta vikaja kuigandia. Waajemi wa kale waliliona hilo wakaliita jiwe hilo kwa jina lenye maana ya kinyakuacho majani makavu. Mwanachuoni mkubwa wa Kiislamu Al-Biruni, aliyefariki katikati ya karne ya 11, aliieleza kaharabu katika kitabu chake cha vito. Na kutokana na jina hilo hilo Kiarabu cha leo kikapata neno kahrabaa, yaani umeme. Kwa hivyo, kabla ya dunia kujua taa wala waya, umeme wa kwanza kuchunguzwa na binadamu ulikuwa ni huu wa kusugua.

Vitabu vya shule huuita umeme tuli, kwa sababu hukaa mahali pamoja, haupiti katika waya kama stima ya nyumbani. Kila kitu alichokiumba Mwenyezi Mungu kimejengwa kwa chembe ndogo mno ziitwazo atomi, na ndani ya atomi mna chembe ndogo zaidi ziitwazo elektroni. Vitu viwili vikigusana na kusuguana kisha vikaachana, kimoja huweza kuondoka na elektroni za mwenzake. Aliyepokea huwa na ziada, aliyetoa huwa na upungufu, na ziada hiyo hutafuta njia ya kurejea. Ikikosa njia ya kuvuja polepole, hungojea hadi mkono ukaribie chuma au mwili wa mtu mwingine, kisha huruka kwa mara moja. Mruko huo ndio cheche.

Vitu havilingani katika kutoa na kupokea. Nywele, sufu na nailoni ni wepesi wa kutoa. Poliesta na plastiki nyingi ni wepesi wa kupokea. Ndiyo sababu buibui la poliesta juu ya gauni la ndani la nailoni hushikana na kualika, ilhali leso ya pamba, yenye kunyonya unyevu, huwa kimya.

Kwa nini huko na si huku?

Jibu limo katika hewa. Hewa yenye unyevu huacha utando mwembamba sana wa maji juu ya nguo, ngozi na sakafu, na kwa utando huo umeme huvuja kidogo kidogo mpaka ukaisha bila ya mtu kuuhisi. Hewa ikiwa kavu, mlango huo hufungika.

Vipimo vya wataalamu vinaonyesha kwamba mtu akitembea juu ya zulia katika chumba kikavu sana, chenye unyevu wa asilimia 10 hadi 20, mwili wake unaweza kukusanya hadi volti 35,000. Akitembea vivyo hivyo katika hewa yenye unyevu wa asilimia 65 hadi 90, hupata kiasi cha volti 1,500 tu. Na ngozi ya binadamu haianzi kuhisi cheche mpaka zitimie takriban volti 3,000.

Sasa tulinganishe. Mombasa imezungukwa na bahari, na wastani wa unyevu wa hewa yake hupita asilimia 70. Riyadh wakati wa joto kali, unyevu wa mchana unaweza kushuka hadi asilimia 10. Isitoshe, kiyoyozi huzidi kuikausha hewa ya ndani; yale maji yanayodondoka nje ya ukuta ndiyo unyevu uliotolewa chumbani. Basi mama wa Likoni hajaziona cheche hizi kwa sababu hewa yake haiziruhusu kukua, na bintiye anaziona kila siku kwa sababu anaishi penye ukavu, kiyoyozi, mazulia na nguo za poliesta kwa pamoja. Hali ni ile ile kwa mahujaji katika hoteli za Makka, na kwa jamaa zetu walioko Ulaya na Marekani wakati wa baridi, nyumba zinapopashwa moto na hewa yake ikakauka.

Je, cheche yenyewe hudhuru mwili?

Atakayesikia volti 35,000 atauliza: mbona stima ya nyumbani ni volti 240 tu na inaua? Tuufananishe umeme na maji. Volti ni kama kimo ambacho maji yanaangukia, lakini madhara hutegemea pia wingi wa maji hayo. Tone moja likianguka kutoka kilele cha mnazi litakushtua utosini na kwisha. Mto Tana ukifurika, hata pasipo kuporomoka kutoka juu, huchukua nyumba na mifugo. Cheche ya nguo ni tone: iko juu sana, lakini ni chache mno, na huisha kabla ya sehemu moja ya milioni ya sekunde. Stima ya waya ni mto usiokatika.

Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwaka wa 2006 tathmini ya elimu iliyopatikana kuhusu jambo hili. Kwa upande wa umeme tuli, athari za moja kwa moja zilizothibitika ni kusisimka kwa nywele na ngozi, na usumbufu wa cheche zenyewe. Madhara ya kudumu mwilini hayakuonekana. Kuhusu saratani, taasisi ya shirika hilo inayoshughulikia utafiti wa maradhi hayo iliamua mwaka wa 2002 kwamba hapakuwa na ushahidi wa kutosha wa kuuhusisha umeme tuli nayo.

Kwa hivyo, wale wanaouza bangili za shaba, mikeka maalumu na vidude vya kutoa umeme mwilini, wakidai kuwa vinatibu kukosa usingizi, presha na ugumba, wanafanya biashara juu ya hofu. Hatuoni tofauti kubwa kati ya bangili hiyo na hirizi ya mganga: zote mbili hula pesa za mnyonge na kumchelewesha kumwona daktari.

Madhara yanayopatikana hasa hutokana na kushtuka. Mwenye kubeba sufuria ya maji ya moto akipigwa na cheche ghafla anaweza kujimwagia au kummwagia mtoto. Mzee aliye kwenye ngazi anaweza kuteleza. Mtoto aliyepandikizwa kifaa cha kusikia ndani ya sikio ahitaji uangalizi zaidi, kwani cheche kali, hasa za vitelezo vya plastiki vya kuchezea, zinaweza kuvuruga mipango ya kile kifaa cha nje. Wazazi wafuate maagizo ya hospitali waliyohudumiwa.

Baadhi ya akina mama wameuliza kama cheche hutengua udhu. Haitengui, kwa sababu haimo katika vitenguzi vya udhu. Mwenye kupigwa na cheche akiwa anaelekea kusali na aendelee na ibada yake kwa utulivu.

Ukavu ndio unaoumiza

Hata hivyo, binti anayelalamika asidharauliwe. Cheche ni kama mwadhini: yeye mwenyewe hakuleta wakati, ila anatangaza kwamba wakati umeingia. Cheche zinapozidi chumbani hutangaza kwamba hewa imekauka kupita kiasi, na ukavu huo ndio wenye kuudhi mwili. Macho huwasha na kuwa mekundu, hasa kwa avaaye lenzi au akaaye mbele ya kompyuta. Midomo hupasuka, ngozi huwasha na kufanya magamba, na mwenye ukurutu huzidiwa. Pua hukauka ndani na huweza kutoka damu, na koo hukwaruza asubuhi. Haya ni maumivu ya kweli, nayo yana tiba nyepesi.

Aweke chombo kipana cha maji chumbani, mahali ambapo mtoto hawezi kufikia, au aanike nguo mbichi humo usiku. Kiyoyozi kisiwekwe kwenye baridi kali mno wala kisimpulizie usoni. Anywe maji ya kutosha, na apake mafuta mara tu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu; mafuta ya nazi ya kwetu yanafaa sana. Akifanya hayo, macho na ngozi vitapata nafuu, na cheche pia zitapungua. Damu ya puani ikijirudia, au macho yakiendelea kuuma, aonwe na daktari.

Lakini sisi tunaoishi pwani tusiige dawa hiyo bila ya haja. Unyevu unaofaa ndani ya nyumba ni kati ya asilimia 40 na 60. Ukizidi sana huotesha ukungu ukutani na kustawisha vijidudu vya vumbi katika magodoro, na hivyo huwaamsha wagonjwa wa pumu. Maradhi ya nyumba zetu nyingi ni unyevu uliozidi, na dawa yake ni kufungua madirisha na kuanika magodoro juani.

Tahadhari: stima inayovuja

Sasa tumefika mahali tunapowaomba akina mama watusikilize kwa makini zaidi, kwa kuwa hapa pana uhai na kifo. Tumesema kwamba katika hewa yetu ya pwani umeme tuli ni nadra. Basi mtu wa Mombasa, Lamu au Kilifi akigusa friji, mashine ya kufulia au bomba la mvua la maji moto akahisi mtetemo au kupigwa, asiseme ni cheche za nguo, wala asiseme ni shetani wa maji. Lililo karibu zaidi na ukweli ni kwamba stima inavuja ndani ya kifaa hicho.

Kutofautisha ni rahisi. Cheche ya umeme tuli hulia mara moja tu, kisha ukigusa tena papo hapo haipo. Stima inayovuja haiishi: ukigusa mara ya pili ipo, na ya tatu ipo. Aghalabu huhisiwa zaidi na mwenye miguu mitupu au mikono yenye maji, na hupotea mtu akivaa ndara za mpira. Wengi huizoea, wakawaambia watoto wavae ndara kabla ya kufungua friji, au wafungue maji ya moto kwa kijiti. Huko ni kuishi na nyoka chini ya kitanda kwa sababu tu bado hajauma. Siku atakapogusa mtu aliyeloa maji, aliyesimama juu ya sakafu ya saruji, mto ule tuliousema utapita ndani ya moyo wake.

Atakayehisi hivyo azime swichi kubwa ya nyumba kwanza, kisha achomoe kifaa, wala kisitumike tena mpaka fundi wa stima mwenye leseni akague kifaa, soketi na ule waya unaoipeleka stima ardhini. Katika nyumba nyingi za kupanga waya huo haupo kabisa au umekatika. Mpangaji amtake mwenye nyumba autengeneze, na mwenye nyumba amche Mwenyezi Mungu, kwani dini yetu imetukataza kujidhuru na kuwadhuru wengine, na kodi anayoipokea ni amana. Kifaa cha kukata stima chenyewe inapovuja kina bei, lakini ni nafuu kuliko sanda.

Petroli na gesi

Upo mlango mmoja ambao kwa huo hata cheche ndogo ya nguo huweza kuua, nao ni mvuke unaowaka. Mvuke wa petroli huhitaji nishati ndogo mno ili kushika moto, na cheche yoyote ambayo mkono umeihisi yatosha kuuwasha. Madaktari wa zamani walilijua hili. Dawa ya usingizi ya etha ilikuwa ikiwaka, na cheche za nguo ziliwahi kulipua vyumba vya upasuaji. Kwa hiyo wauguzi walivaa pamba, na viatu na sakafu vikatengenezwa vya kupitisha umeme. Hatari hiyo ilipungua baada ya kuja dawa zisizowaka, kama halothani iliyoanza kutumika mwaka wa 1956.

Nchini Marekani, Petroleum Equipment Institute imekusanya taarifa nyingi za mioto katika vituo vya petroli iliyohusishwa na umeme tuli. Katika mingi ya mioto hiyo, dereva alianza kujaza mafuta, akarudi kuketi ndani ya gari, nguo zikasuguana na kiti, kisha akatoka na kuushika mpini wa bomba pasipo kugusa chuma kwanza. Hewa yetu ya unyevu hutupunguzia hatari hii lakini haituondolei, kwa sababu petroli yenyewe ikipita kwa kasi katika mpira hujisugua na kukusanya umeme, hasa ikiingia katika mtungi wa plastiki.

Hapa pwani petroli huchukuliwa kwa mitungi kila siku, kwa ajili ya mashine za boti, jenereta na pikipiki, na wako wanaoiuza kwa chupa vibandani. Mtungi uwe ule uliotengenezwa kwa mafuta, uwekwe chini ardhini wakati wa kujaza, usijazwe ukiwa garini, juu ya pikipiki au ndani ya boti. Mwenye kujaza aguse chuma kitupu kilicho mbali na mdomo wa mtungi kabla ya kuanza. Mtoto asitumwe petroli, na petroli isilale ndani ya nyumba wanamolala watu.

Kadhalika gesi ya kupikia. Mama akisikia harufu ya gesi jikoni, asiwashe wala asizime taa, asiwashe kiberiti, na asivue wala kukung'uta nguo humo ndani. Afunge mtungi ikiwa anaweza kuufikia salama, afungue madirisha na milango, awatoe watoto, asubiri nje mpaka hewa isafike.

Kwa mwenye kuishi na cheche

Kwa mabinti na ndugu zetu walioko kwenye nchi kavu, tunaongeza machache. Vaeni pamba karibu na mwili, na poliesta iwe ya juu ikiwa hapana budi. Msizikaushe nguo kupita kiasi katika mashine. Kabla ya kugusa mlango wa chuma, ugusweni kwanza kwa ufunguo uliofumbatwa barabara mkononi. Cheche itaruka kwenye ufunguo na kidole hakitauma. Mnaposhuka garini, shikeni chuma cha mlango kabla ya kunyanyuka kitini na msikiachie mpaka miguu ikanyage ardhi. Vumbi linalovutwa na viti vya plastiki na vioo vya televisheni lifutwe kwa kitambaa chenye maji.

Na kwa akina mama walioko nyumbani: binti akipiga simu akalalamika, msikilizeni mpaka mwisho. Muulizeni kwanza kuhusu hewa ya chumba, macho yake, ngozi yake, usingizi wake na namna anavyotendewa, kwani mara nyingine cheche ndicho kisa chepesi anachoweza kukitaja mbele ya watu, na nyuma yake kuna uchovu au dhuluma anayoogopa kuisema. Pesa ambazo zingekwenda kwa mganga zimnunulie dawa ya macho, au zitumike kumleta nyumbani ikiwa hapana budi. Nyiradi za asubuhi na jioni msiziache, wala msimwache yeye kuzisoma, kwani dua na sababu ni mabawa mawili, na ndege haruki kwa bawa moja.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, awahifadhi watoto wetu walio karibu na walio mbali, na azilinde nyumba zetu kutokana na moto wa dunia na wa Akhera. Amin.

Wabillahi tawfiq.